Sura ya 4: Maiki ya Sauti kwa Anayerekodi Chumbani

Swali ninaloulizwa na chipukizi wa muziki kuliko maswali mengine yote ni hili: maiki gani nzuri? Nami huwauliza: unarekodia wapi? Wengi huona nimewakwepa. Walitaka jina na bei, waende dukani kesho yake asubuhi. Lakini jina la maiki, pasipo kujua chumba itakamotumika, halisaidii kitu. Maiki ya mamilioni ndani ya chumba kibaya hutoa kazi mbaya, tena ubaya wake husikika waziwazi kwa sababu maiki hiyo haifichi kitu. Maiki ya bei ya kawaida ndani ya chumba kilichotayarishwa, mbele ya mtu anayejua kusimama, hutoa kazi inayofaa kupigwa redioni.

Sura hii ni ya mtu mwenye chumba kimoja, kompyuta, na sauti anayotaka iwafikie watu. Awe mwimbaji, rapa, msomaji wa kaswida, mwanakwaya anayetoa wimbo wake wa kwanza peke yake, au msimuliaji wa podikasti, shida zake ni zile zile.

Hatukuwa na bahati hii zamani. Mwaka 1928 mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Zanzibar hadi Bombay ili sauti yake iingie kwenye santuri za kampuni ya His Master's Voice. Miaka 3 tu kabla ya hapo, kampuni kubwa za santuri za Marekani na Uingereza ndipo zilipoanza kuacha kurekodi kwa pembe na kutumia mikrofoni ya umeme. Miongo iliyofuata, bendi ya dansi iliyotaka kusikika nchi nzima ilisubiri zamu yake katika studio za redio ya taifa. Leo kijana wa Mbagala au Kayole anaweza kurekodi sauti safi bila kutoka nyumbani. Kinachomkwamisha mara nyingi si fedha. Ni kwamba ameanza kununua kabla ya kusikiliza.

Chumba

Nyumba zetu nyingi za mjini zimejengwa kwa tofali za saruji zilizopigwa plasta. Sakafu ni ya vigae, madirisha ni ya vioo, juu kuna dari ya jipsamu au bati tupu. Vyote hivyo ni vigumu, na sauti ikigonga kitu kigumu hurudi ilikotoka. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Ndani ya chumba cha mita 3 kwa 3, neno moja likitoka kinywani linaweza kuvuka kutoka ukuta hadi ukuta zaidi ya mara 100 katika sekunde moja, likififia kidogo kidogo kila linapogonga. Sikio la binadamu limezoea hali hiyo na akili huichuja, ndiyo maana tukizungumza sebuleni hatuhisi kero yoyote. Maiki haina akili ya kuchuja. Inapokea neno pamoja na marejeo yake yote, na ukija kusikiliza kwenye hedifoni unakuta sauti yako imekuwa ya mtu anayeimba bafuni.

Kujua hali ya chumba chako hakuhitaji kifaa. Simama katikati, piga kofi moja la nguvu. Ukisikia mlio mwembamba unaotetemeka baada ya kofi, kuta mbili zinazotazamana zinarudishiana sauti. Kisha chukua simu, iweke mezani, rekodi dakika moja ya ukimya saa ile ile unayokusudia kufanya kazi, halafu usikilize kwa hedifoni sauti ikiwa juu. Utasikia friji, pangaboi, bodaboda inayopanda mlima, jenereta ya jirani, mbwa, jogoo. Yote hayo yataingia kwenye wimbo wako. Mvua ikinyesha juu ya bati, hakuna maiki duniani itakayokuokoa. Zima mashine, subiri ikatike.

Wengi hukimbilia kubandika trei za mayai ukutani. Trei za mayai hazifanyi kazi hiyo. Karatasi ile ni nyembamba na nyepesi, inazuia kidogo sana, tena sauti nyembamba tu, na ikishika moto chumba kizima kimekwenda. Kinachonyonya sauti ni kitu kinene, kizito na laini: magodoro, mablanketi mazito, mapazia ya vitambaa viwili, kabati lililojaa nguo. Hata hivyo, navyo vina mpaka. Wimbi la sauti ya besi ya Hz 100 lina urefu wa mita 3.4, na blanketi halilizuii. Kwa bahati njema, marejeo yanayoharibu sauti ya mtu ni yale ya kati na ya juu zaidi, na hayo blanketi linayamudu.

Sasa jambo ambalo wengi hulikosea: mablanketi hayo yawekwe wapi? Watu huyatundika nyuma ya maiki, wakiona ndiko sauti yao inakoelekea. Lakini maiki nyingi za kuimbia husikiliza mbele na kupuuza nyuma. Mbele ya maiki umesimama wewe, na nyuma yako kuna ukuta. Ukuta huo ndio maiki inaoutazama. Kwa hiyo blanketi la kwanza, tena lile zito kuliko yote, litundikwe nyuma ya mgongo wako. Ukipata magodoro mawili, yasimamishe kwenye kona ya chumba, wewe usimame ndani ya kona hiyo mgongo ukiyaelekea, na maiki ikutazame. Mpango huu haukugharimu chochote, na hubadilisha sauti kuliko kupanda daraja moja la bei ya maiki. Kompyuta na feni yake viweke nyuma ya maiki, kule isikosikia.

Umbali

Kuna imani iliyoenea kwamba maiki fulani "inavuta mbali" na nyingine "haivuti". Nataka tuielewe vizuri, kwa sababu imewafanya watu wengi wanunue vibaya.

Maiki mbili zenye umbo moja la usikivu, zikiwekwa mahali pamoja, hupokea karibu uwiano ule ule wa sauti yako na kelele za chumba. Ile yenye usikivu mkubwa zaidi hutoa umeme mwingi zaidi, basi: sauti yako inakuwa kubwa, na kelele nazo zinakuwa kubwa kwa kiasi hicho hicho. Kinachobadilisha uwiano ni umbali kati ya kinywa na maiki. Kila ukipunguza umbali huo kwa nusu, sauti yako kwenye maiki huongezeka desibeli 6, na marejeo ya chumba hubaki karibu vile vile. Ukitoka sentimita 60 ukaja 15, umepunguza nusu mara mbili, na umejipatia desibeli 12 dhidi ya chumba. Hakuna duka linalouza kitu cha namna hiyo.

Basi kwa nini tunaambiwa dainamiki, moja ya aina mbili za maiki nitakazoeleza hapa chini (nyingine ni kondensa), ni bora kwa chumba chenye kelele? Kwa sababu imetengenezwa ili uikaribie. Maiki za jukwaani zina wavu wa chuma na sifongo ndani yake, mtu anaweza kuimba mdomo ukikaribia kuugusa wavu bila pumzi ya herufi p na b kulipuka vibaya. Kondensa nyingi za studio, ukizikaribia kiasi hicho, hujaa mvumo wa besi na milipuko ya pumzi, kwa hiyo mwimbaji analazimika kusogea nyuma shubiri moja au zaidi, na hapo ndipo chumba kinapata nafasi ya kuingia.

Kusogea karibu kuna athari nyingine. Maiki zinazosikiliza upande mmoja huongeza besi kadiri unavyozikaribia. Msimuliaji mwenye sauti nyepesi anaweza kuitumia hali hiyo akapata uzito asio nao. Mwanamume mwenye besi nzito akifanya hivyo maneno yake yatazama. Jifunze kusogea kwa vidole viwili vitatu huku ukisikiliza kwenye hedifoni, na ukipapata pazuri, paweke alama. Bandika kipande cha utepe sakafuni usimame hapo hapo kila siku, la sivyo ubeti wa leo hautafanana na wa kesho.

Dainamiki na kondensa

Dainamiki ni mashine rahisi. Ndani yake kuna utando mwembamba ulioshikamanishwa na koili ya waya, na koili hiyo imekaa kwenye mwanya wa sumaku. Sauti ikisukuma utando, koili husogea ndani ya sumaku na kuzalisha umeme kidogo. Haihitaji kulishwa umeme kutoka nje. Kwa sababu koili ina uzito wake, utando hausogei kwa wepesi mkubwa, na sauti nyembamba za juu kabisa hazifiki zote. Shure SM58, iliyotoka mwaka 1966, inataja upeo wa kuanzia Hz 50 hadi Hz 15,000. Sikio changa linafika takriban Hz 20,000. Kilichopotea hapo juu ni hewa na mng'ao, na kwa sauti ya mtu anayezungumza au kuchana mashairi hakuna atakayekikosa.

SM58 ndiyo ile maiki yenye kichwa cha mviringo unayoiona makanisani, kwenye harusi na majukwaa ya bendi kote Afrika Mashariki. Wapo wanaoidharau wakisema ni ya ukumbini, si ya studio. Herufi S na M katika jina hilo zilisimamia mikrofoni ya studio tangu mwanzo. Na ndugu yake mkubwa, SM7, ambayo nayo ni dainamiki, ndiyo fundi Bruce Swedien aliyoitumia kumrekodi Michael Jackson kwa albamu ya Thriller ya mwaka 1982. Swedien alikuwa na uwezo wa kupata maiki yoyote aliyoitaka, akachagua hiyo. Anayekwambia dainamiki haiwezi kutoa kazi ya kweli, mtajie albamu hiyo.

Kondensa ni kitu kingine kabisa. E. C. Wente aliibuni mwaka 1916 katika maabara za kampuni za simu za Bell huko Marekani. Hapa utando ni mwepesi mno, umepakwa chuma kiasi cha kupitisha umeme, na umekaa mbele ya bamba lisilosogea. Umbali kati yao ukibadilika kwa sauti, umeme nao hubadilika. Hakuna koili ya kubeba, kwa hiyo utando hufuata kila mtikisiko mdogo: pumzi kabla ya neno, ulimi unapoachia kaakaa, mkwaruzo wa sauti ya mzee. Neumann U 87 ya Ujerumani, iliyotoka mwaka 1967, ni ya aina hiyo, na mpya yake bado inauzwa kwa zaidi ya dola 3,000 za Marekani. Mwaka 1962 Gerhard Sessler na James West, Mmarekani mweusi, walibuni aina ya kondensa inayohifadhi chaji yake ndani ya utando wenyewe, na kuanzia hapo kondensa zikawa rahisi kutengeneza. Maiki nyingi za bei nafuu tunazouziwa leo ni matunda ya ugunduzi huo.

Kondensa inahitaji umeme, na kiwango kilichozoeleka ni volti 48 zinazopita ndani ya waya ule ule unaobeba sauti. Namba hiyo ina asili yake. Mwaka 1966 kampuni ya Neumann ilikuwa inaiandalia redio ya taifa ya Norwe maiki mpya za transista. Studio za redio hiyo zilikuwa tayari na umeme wa volti 48 kwa ajili ya taa za dharura, wakaamua kuutumia huo huo. Hadi leo kitufe cha saundikadi yako, kile kisanduku kinachounganisha maiki na kompyuta, kimeandikwa 48V.

Jambo hili lina maana kwako kwa sababu moja. Sokoni zimejaa kondensa za bei ya chini sana, maarufu zaidi ikiwa ile inayoitwa BM-800, zinazouzwa ndani ya boksi moja na stendi ya mezani na waya wenye ncha ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la hedifoni la kompyuta. Tundu hilo halina volti 48. Maiki inakuwa na njaa, sauti inatoka dhaifu, unapandisha, na pamoja nayo unapandisha mvumo na mchakacho wa kompyuta. Mnunuzi anadhani sauti yake ndiyo mbaya. Ukiwa tayari unayo, usiitupe: ipatie saundikadi yenye umeme huo na waya wa XLR wa kawaida, utashangaa tofauti.

Lipo jambo la hali ya hewa ambalo vitabu vya Ulaya haviligusi sana. Kondensa hazipendi unyevu. Ukanda wetu wa pwani, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga, Unguja, Dar es Salaam na Mtwara, una unyevu mkubwa karibu mwaka mzima, na utando wenye chaji ukipata unyevu huanza kutoa milio ya kupasuka-pasuka. Baada ya kazi isiachwe juu ya stendi. Irudishe kwenye boksi linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya viatu na vifaa vya umeme. Dainamiki huvumilia joto, unyevu na vumbi kwa miaka, hata ikidondoka mara kwa mara.

Takwimu moja nyingine huwapoteza wanunuzi. Kila kondensa ina mvumo wake wa ndani, na watengenezaji huutaja kwa desibeli. Audio-Technica AT2020, kondensa nzuri ya kuanzia, ina 20. Rode NT1-A ina 5 tu, na hutangazwa sana kwa utulivu huo. Lakini chumba cha kulala chenye utulivu usiku kina takriban desibeli 30, na chumba cha mjini chenye barabara karibu kina zaidi ya hapo. Mvumo wa maiki unaozidiwa na kelele za chumba hausikiki. Ukiishi Kariakoo, usilipie utulivu ambao mtaa hautakuruhusu kuutumia. Ukiishi shambani Lushoto na umetulia usiku wa manane, hapo tofauti hiyo utaisikia, na NT1-A itakufaa sana.

Sauti yako

Chumba kikishasema lake, sauti ndiyo inayofuata, na hapa sina kanuni ya kila mtu. Sauti yenye s na sh kali, ambazo katika Kiswahili hazikosekani hata sentensi moja, huteswa na kondensa za bei nafuu, kwa sababu nyingi zimeongezewa mng'ao juu ili zionekane safi dukani. Dakika ya kwanza unapenda. Wimbo ukifika mwisho sikio limechoka. Mwenye sauti hiyo aanze na dainamiki, au aiegemeze kondensa pembeni kidogo ili pumzi na miluzi ipite kando ya utando.

Mwimbaji wa taarabu anayepanda kutoka mnong'ono hadi kilele ndani ya mstari mmoja anahitaji maiki inayofuata mabadiliko hayo yote, na hapo kondensa, ikiwa ndani ya chumba kilichotulizwa, hutoa uhai ambao dainamiki haiufikii. Vivyo hivyo msomaji wa kaswida anayeimba bila ala: kila pambo la koo linasikika na lazima lisikike. Rapa anayechana karibu na kwa nguvu, nampa dainamiki bila kusita. Msimuliaji wa podikasti pia. Kundi la watu wanne wanaotaka kuimba pamoja mbele ya maiki moja hawawezi kutumia dainamiki ya jukwaani, kwani hawatatosha karibu yake. Watumie kondensa, wajipange kwa nusu duara, na mwenye sauti kubwa arudi nyuma hatua moja.

Kinachofuata baada ya maiki

Maiki haiingii moja kwa moja kwenye kompyuta. Inapita kwenye saundikadi, kisanduku kinachokuza umeme wake mdogo na kuugeuza kuwa namba. Umeme wa dainamiki ni mdogo sana, na ndipo wengi wanaponaswa. Shure SM7B imekuwa maarufu kwa sababu inaonekana mbele ya watangazaji wa podikasti dunia nzima, na vijana wanajinyima hadi waipate, karibu dola 400. Wanapoichomeka kwenye saundikadi ndogo sauti inatoka hafifu. Mtengenezaji mwenyewe anataka saundikadi yenye geini, yaani nguvu ya kukuza sauti, isiyopungua desibeli 60, na nyingi za bei ya chini hazifiki hapo, au zinafika zikiwa zinavuma. Inabidi kununua kikuza cha ziada cha kuweka katikati ya waya. SM58 inatoa umeme zaidi kidogo, inauzwa karibu na robo ya bei hiyo, na ukiivalisha sifongo nene ya nje unakuwa umeikaribia SM7B kuliko mauzo yanavyotaka uamini.

Kabla ya kununua, soma namba mbili tu: geini ya saundikadi, na iwapo ina volti 48. Ukirekodi, weka kiwango ili sehemu yenye nguvu zaidi ya wimbo ifike kati ya desibeli -12 na -6, ibaki nafasi juu. Sauti iliyopasuka kwa kuzidi kiwango haitengenezeki. Sauti iliyorekodiwa chini kidogo kwa biti 24 unaipandisha baadaye bila hasara. Ukisikia mvumo wa umeme unaodumu, chomoa chaja ya kompyuta utumie betri. Mara nyingi unakatika hapo hapo.

Kuna maiki za USB zisizohitaji saundikadi. Kwa msimuliaji wa peke yake zinatosha na zinapunguza gharama. Ubaya wake ni kwamba hazikui pamoja nawe: ukitaka kuongeza mgeni wa pili, au ukipata saundikadi bora, unaanza upya. Ndiyo maana navutiwa zaidi na zile zenye njia zote mbili, USB na XLR, kama Samson Q2U. Ni dainamiki, haipendelei kelele, leo unaichomeka kwenye kompyuta, mwakani unaihamishia kwenye saundikadi. Vile vimaiki vidogo vya kubana kwenye kola ni vya mahojiano na video. Usiimbie.

Hukumu yangu kwa mwenye chumba cha kawaida cha mjini na fedha za kuhesabu ni hii. Nunua dainamiki inayosikiliza mbele, saundikadi ndogo yenye geini ya kutosha, stendi ya kusimama sakafuni, popfilta ya kuzuia milipuko ya pumzi, na hedifoni zinazofunika sikio lote. Fedha iliyobaki ipeleke kwenye mablanketi mazito na magodoro, wala si kwenye maiki ya juu zaidi. Kondensa nunua siku ambayo kofi lako katikati ya chumba linazima papo hapo na dakika ya ukimya kwenye simu ni ukimya kweli. Wanaoishi mahali patulivu na wana sauti inayodai upana, waanze na kondensa moja kwa moja. AT2020 inatosha kuanzia.

Dukani

Kariakoo na barabara ya Luthuli jijini Nairobi utakuta SM58 za bei zinazotofautiana mno, na nyingi ni bandia. Bandia siku hizi zinafanana na halisi hata boksi na nembo. Halisi ina uzito wa gramu 298, na mkononi unausikia. Bandia nyingi ni nyepesi. Bei ikiwa robo ya ile ya wakala, usidanganyike kwamba umebahatika. Bora ununue dainamiki halisi ya kampuni isiyo na jina kubwa, kwa bei yake ya haki, kuliko jina kubwa la bandia.

Nenda na hedifoni zako mwenyewe, na ikiwezekana kompyuta na saundikadi. Imba ubeti ule ule mbele ya kila maiki, kwa umbali ule ule, kisha zisawazishe zilingane kwa ukubwa kabla ya kulinganisha, kwa sababu sikio hupenda kila kilicho na sauti kubwa zaidi hata kama si bora. Mwombe rafiki akupigie bila kukutajia ipi ni ipi. Sikiliza s na sh, sikiliza p na b, sikiliza kama maneno yanasikika bila kuyakodolea sikio. Usisikilize kama ni "tamu". Utamu utauongeza baadaye kwenye kompyuta.

Dai risiti, na kubaliana na muuzaji kabla ya kulipa kwamba utarudisha ndani ya siku chache ikiwa haikukufaa chumbani kwako. Wapo wauzaji waungwana wanaokubali, tena wanakuachia uijaribu dukani mwao kwa saa nzima. Anayekataa usiijaribu kabla ya kutoa fedha, mshukuru, ondoka, nenda duka la pili.